UZI: "Mnajuaje kama hamkupitwa?" Swali la mzee wa Nungwi kuhusu ukaguzi wa ndege

#1 NdegeNaChumvi

Assalaam alaykum wanabarza.

Wiki iliyopita nilikaa barzani Malindi na mzee mmoja aliyejenga majahazi Nungwi zaidi ya miaka 40. Anajua kuwa mimi ni fundi wa ndege na kwamba kazi yangu khasa ni kutafuta nyufa kwenye chuma na alumini bila kukata wala kuvunja kitu. Akanieleza anavyokagua ubao: anaugonga kwa nyundo ndogo na kusikiliza. Ubao mzima unalia, uliooza ndani unajibu kizito. Nikamwambia hata sisi tunagonga. Paneli zilizotengenezwa kwa nyuzi na gundi, zikiachana ndani, sauti yake inabadilika vilevile. Alifurahi sana kusikia hivyo.

Kisha akaniuliza: "Hizo mlizoziona mnazijua. Zilizokupiteni je? Mnajuaje kama hamkupitwa?"

Nilimjibu kwamba tuna mashine nzuri. Lilikuwa jibu bovu na nililijua ni bovu wakati nalitoa. Mzee kauliza swali ambalo limewashughulisha wanatakwimu na mainjinia wa ndege kwa zaidi ya miaka 50, na lina jibu, ila jibu lenyewe haliingii kwenye sentensi moja. Ndiyo maana nimefungua uzi huu.

Nianze na langu. Nilipokuwa najifunza ukaguzi, huko bara, mkufunzi alinipa sahani ya alumini yenye matundu 80 ya ribiti, yaani pini zinazobana mabati pamoja. Hakuniambia mangapi yana ufa. Nilikuwa na kifaa cha edi karenti, yaani koili ndogo inayopitishiwa umeme wa kwenda na kurudi. Ukiisogeza juu ya alumini inazusha mikondo midogo ndani ya bati, na mikondo ikikutana na ufa inalazimika kuuzunguka, basi koili inahisi na alama kwenye kioo inaruka. Nilifanya kazi saa mbili. Nilipata ufa wa milimita moja na nusu kwenye safu ya pili, na nilijiona nimeshakuwa fundi.

Tulipolinganisha na karatasi yake, nilikuwa nimeacha ufa wa milimita 4 kwenye safu ya mwisho. Kifaa kilikuwa kizima. Tulirudia tundu lile pamoja na alama iliruka waziwazi. Mimi ndiye niliyekuwa nimeshachoka, mkono unatembea na macho hayapo. Mkufunzi hakunigombeza. Aliandika "4.0" juu ya karatasi yangu, akapiga mstari chini yake, akasema hiyo ndiyo namba ya kukumbuka, si ile 1.5.

Uaminifu wa ukaguzi unapimwa kwa ufa mkubwa kabisa unaoweza kukupita. Ule mdogo kabisa uliowahi kuuona hauambii kitu. Watu wengi, hata ndani ya kazi yetu, wanasema "kifaa hiki kinaona hadi milimita 1" wakidhani wamejibu swali la mzee.

Naendelea baada ya Isha.

---

#2 Tumbatu07

Nimekaa hapa, mkuu. Shusha.

---

#3 Abiria_wa_Kila_Wiki

Mimi napanda ndege Unguja–Pemba karibu kila wiki kwa biashara. Naomba nieleweke, sipingi elimu. Lakini sisi abiria tunataka kujua jambo moja: ndege salama au si salama? Haya ya nyufa zilizokupiteni mnatutia khofu tu.

---

#4 NdegeNaChumvi

Ndugu yangu, nakuheshimu na swali lako ni la haki. Ila fikiri hivi. Nikikwambia "nimekagua, hamna ufa," ukweli wa maneno hayo ni "nimekagua, sikuona ufa." Baina ya sentensi hizo mbili ndipo watu walipofia.

Tarehe 28 Aprili 1988, huko Hawaii, Boeing 737 ya shirika la Aloha ilikuwa inatoka Hilo kwenda Honolulu. Angani, kipande kikubwa cha paa la mbele kilifunguka na kwenda na upepo. Walikuwemo watu 95. Mhudumu mmoja aliyekuwa amesimama kwenye njia alivutwa nje na hakupatikana tena. Rubani waliweza kuitua ndege ikiwa wazi kama mtumbwi.

Sasa soma hali ya ndege ile na ufikirie ya kwetu. Visiwa. Safari fupi fupi, panda shuka kutwa. Hewa ya chumvi. Ilikuwa na umri wa miaka 19 na imesharuka na kutua mara 89,680. Kila ikipanda, bodi inajazwa hewa na kutanuka kidogo, na kila ikishuka inanywea. Gundi iliyounganisha mabati ilikuwa imeachia, maji na chumvi vimeingia, mzigo wote ukabebwa na ribiti. Nyufa ndogo zikaanza kwenye matundu mengi ya mstari mmoja, kila moja peke yake si kitu, siku moja zikaungana.

Ndege hiyo ilikuwa inakaguliwa. Wachunguzi waliandika kwa urefu juu ya mtu anayeifanya kazi hiyo: yuko juu ya bodi la ndege usiku, ana taa mkono huu na kifaa mkono huu, pengine amefungwa kamba kwenye boriti za hanga asianguke, na anatazama ribiti moja baada ya nyingine, mamia kwa mamia, karibu zote nzima. Abiria mmoja alisema baadaye kwamba aliuona ufa wakati anapanda, akanyamaza.

Kwa hivyo hesabu ya nyufa zinazotupita haikuletwa kukutia khofu. Imeletwa ili ratiba ya ukaguzi ipangwe kwa kumchukulia fundi kama binadamu.

---

#5 Mkunguni

Sawa, lakini Caravan zetu, hizi ndege ndogo za visiwani, hazijazwi hewa. Zinaruka chini na bodi halitanuki. Mfano wa Hawaii haukai.

---

#6 NdegeNaChumvi

Umesema kweli na nilipaswa kulitaja mwenyewe. Cessna Caravan haina presha ndani, hivyo paa kufunguka namna ile halihusiani nayo. Linahusiana na ATR na Dash 8 zinazotua hapa, hizo zinajazwa. Kwa Caravan mzigo unaorudiwa uko kwingine: mabawa na nguzo zake zinapokutana na upepo wa mawimbi, na miguu ya kutulia. Chumvi haichagui. Kutu inachimba kishimo, na kishimo ndiko ufa unakopenda kuanzia.

---

#7 KijanaWaMbweni

Mimi nasoma ufundi hapa Mbweni. Kwa nini msinunue vifaa bora zaidi tu? Teknolojia imekwenda mbali.

---

#8 NdegeNaChumvi

Mdogo wangu, ndivyo walivyodhani wakubwa pia.

Desemba 1969 ndege ya kivita ya Marekani, F-111, ilikatika bawa angani ikiwa imeruka saa zaidi kidogo ya 100 tu. Rubani wote wawili walikufa. Kwenye kiungo cha chuma cha bawa kulikuwa na kasoro ya tangu kiwandani, zaidi ya sentimita 2 kwa urefu, na ilipita kwenye ukaguzi wote. Baada ya hapo Jeshi la Anga la nchi ile lilibadilisha fikra. Zamani walikuwa wanahesabu ndege mpya kuwa haina ufa. Sasa wakasema: tuchukulie ufa upo tangu siku ya kwanza, mkubwa kiasi cha ule ambao mkaguzi angeweza kuukosa, kisha tuhesabu utachukua muda gani kufika pabaya.

Umeona swali lilikorudi? "Ule ambao mkaguzi angeweza kuukosa." Ni upi huo? Hakuna aliyekuwa na namba. Wakachukua vipande vya ndege halisi vyenye nyufa zinazojulikana, wakavizungusha kambi baada ya kambi katika miaka ya 1970, mafundi wale wale wa kila siku wakavikagua kwa vifaa vyao wenyewe. Ripoti ilitoka 1978 na iliwaumiza vichwa. Uwezo uliokuwa ukidhaniwa haukufikiwa, na tofauti baina ya fundi na fundi ilikuwa kubwa mno, hata pale kifaa kilipokuwa cha aina moja.

Kifaa ni sehemu tu ya jambo. Mwanga, joto la hanga, rangi iliyopakwa nene, mahali pa kusimama, saa ya usiku, fundi mwenyewe, vyote vimo ndani ya hiyo namba. Unapima mfumo mzima.

---

#9 MaalimWaChake

Waalaykum salaam. Mimi si mtu wa ndege, nasomesha hisabati skuli ya sekondari huku Pemba. Ruhusa yako, mwenye uzi, nieleze upande wa takwimu, maana nimeona watu wanaukimbia.

Tuchukue karafuu. Una gunia, na muuzaji anadai kwamba angalau punje 9 katika kila 10 ni safi. Huwezi kuchambua gunia zima. Unachota punje ngapi ili umwamini?

Tuseme gunia liko pembeni kabisa mwa dai lake, safi ni 9 kwa 10 kamili. Ukichota punje moja, uwezekano wa kuwa safi ni 0.9. Mbili zote safi, 0.9 mara 0.9, ni 0.81. Endelea kuzidisha. Ukifika punje 29, uwezekano wa zote kuwa safi ni 0.047, chini ya 5 katika 100. Maana yake: gunia la 9 kwa 10, au bovu zaidi ya hapo, ni nadra sana kukupa punje 29 safi mfululizo. Kwa hiyo ukizipata, una haki ya kusema, kwa kiwango cha kuaminika cha asilimia 95, kwamba gunia ni safi kwa asilimia 90 au zaidi.

Badilisha punje kwa nyufa na "safi" kwa "imeonekana." Fundi apewe nyufa 29 za ukubwa mmoja. Akiziona zote 29, amefikia kile watu wa ndege wanachokiita 90 kwa 95. Akikosa moja, basi 29 hazitoshi tena: anatakiwa aone 45 katika 46. Akikosa mbili, 59 katika 61. Wanafunzi wangu hupenda kuzihakiki namba hizo wenyewe, na kila mwenye kikokotoo anaweza.

Watu huzichanganya hizo 90 na 95. Ile 90 inaeleza ufundi, yaani katika nyufa 100 za ukubwa huo ataona kama 90. Ile 95 inaeleza jaribio letu: kiasi gani tujiamini ilhali tulimtazama kwa nyufa chache tu. Ukiongeza idadi ya nyufa za jaribio, fundi habadiliki. Kinachoongezeka ni uhakika wetu juu yake.

---

#10 Tumbatu07

Maalim, hapo kwenye karafuu nimeelewa. Allah akuzidishie.

---

#11 BiMaabara

Na mimi niingie, maana hili ni la kwetu pia. Nafanya kazi maabara ya hospitali. Kipimo cha malaria nacho tunakiuliza hivyo hivyo: kwa wagonjwa 100 kinakamata wangapi? Lakini sisi tuna swali la pili ambalo sijaliona hapa. Kwa watu wazima wa afya, wangapi kinawaambia ni wagonjwa?

Fundi wa ndege anayesema "ufa!" kwenye kila tundu atapata 29 katika 29 bila kazi.

---

#12 NdegeNaChumvi

Bi mkubwa, umegusa penyewe. Sisi tunaziita kengele za uongo, na ndiyo sababu sahani ya majaribio lazima iwe na matundu mazima mengi, mengi kuliko yenye ufa. Jaribio lisilo na matundu mazima halina maana hata likitoa namba nzuri.

---

#13 BiMaabara

Basi niongeze hesabu, kwa sababu ndiyo inayotusumbua Zanzibar. Malaria hapa imekuwa chini ya asilimia 1 kwa miaka mingi, alhamdulillah. Kitu kikiwa adimu, hata kipimo kizuri kinaanza kutoa majibu mengi ya uongo kuliko ya kweli.

Tia namba za ndege. Matundu 1,000, yenye ufa 10. Fundi anaona 9 katika hizo 10. Kwenye matundu 990 mazima anakosea mara 2 tu katika 100, ambalo ni kosa dogo. Lakini 2 kwa 100 ya 990 ni karibu 20. Mwisho wa siku ametia alama matundu 29, na yenye ufa kweli ni 9. Chini ya thuluthi.

Ninachoogopa mimi ni kinachofuata. Mtu akishafungua mara ishirini na kukuta hamna kitu, ya ishirini na moja anaipita. Nimeliona hilo maabara kwa macho yangu, kwa watu wazuri na waaminifu.

---

#14 NdegeNaChumvi

Sina cha kuongeza hapo. Kwenye hanga ni vilevile. Ukishusha kiwango cha alama ili usikose ufa, kengele za uongo zinapanda; ukikipandisha, nyufa zinapita. Huwezi kukihukumu kifaa kwa upande mmoja tu.

---

#15 Mkunguni

Maalim, nina tatizo na hizo nyufa 29. Umesema za ukubwa mmoja. Nani atatengeneza nyufa 29 za milimita 3 kamili? Ufa hautii amri. Na kama nataka kujua milimita 2, nianze upya na 29 nyingine?

---

#16 MaalimWaChake

Umelisema tatizo kwa ukamilifu kuliko vitabu. Njia ya 29 iliachwa kama njia kuu kwa sababu hizo hizo. Mwanzoni mwa miaka ya 1980, Berens na Hovey wa Chuo Kikuu cha Dayton huko Marekani walionyesha njia bora: usigawe nyufa kwenye makundi. Chukua nyufa za ukubwa tofauti, ndogo hadi kubwa, andika kila moja "ameona" au "amekosa," kisha chora mstari mmoja uliopinda unaoeleza uwezekano wa kuona kadiri ufa unavyokua. Mstari huo una umbo la S iliyolazwa: chini kabisa haoni chochote, katikati unapanda kwa kasi, juu unakaribia 1 na haufiki.

Nitoe mfano wa kutunga, wa hesabu tu. Usitazame asilimia, tazama uwiano wa kuona kwa kukosa. Tuseme kila urefu wa ufa ukizidi maradufu, uwiano unazidishwa kwa 9.

Ufa wa milimita 0.75: anaona 1, anakosa 9. Wa 1.5: anaona 1, anakosa 1. Wa milimita 3: anaona 9, anakosa 1, hapo ndipo asilimia 90. Wa milimita 6: anaona 81, anakosa 1.

Tazameni hapo mwisho. Hata ufa wa milimita 6, unaoonekana kwa macho mtu akijua pa kutazama, unapita mara 1 katika 82. Mwenye uzi alikosa wa milimita 4, na mstari huu unasema jambo hilo limo ndani ya kawaida ya binadamu.

Kisha unaweka mpaka wa tahadhari kwa sababu nyufa za jaribio ni chache. Asilimia 90 ikiwa kwenye milimita 3, ule mpaka wa asilimia 95 unaweza kuisogeza hadi 3.8, kwa mfano. Namba inayopelekwa kwa wapanga ratiba ni hiyo 3.8.

---

#17 NdegeNaChumvi

Hivyo ndivyo ulivyo mwongozo wa jeshi la Marekani unaofuatwa sana katika kazi hii, MIL-HDBK-1823, wa 1999 na ukarekebishwa 2009. Kwa majaribio ya ameona-amekosa unataka angalau sehemu 60 zenye nyufa. Kifaa kikiwa kinatoa kipimo cha nguvu ya alama, si ndiyo au hapana tu, unaridhika na 40, kwa kuwa kila ufa unakupa habari zaidi.

Kwa uzoefu wangu hapa ndipo watu wanapokata kona. Nyufa za kweli za uchovu wa chuma ni ghali kutengeneza. Unachukua bati, unalivuta na kuliachia kwenye mashine maelfu kwa maelfu ya mara mpaka ufa uote wenyewe. Wengine wanachonga mfereji kwa msumeno mwembamba na kuuita ufa. Mfereji wa msumeno una mdomo wazi, kila kifaa kinauona. Ufa wa kweli umefumba midomo, pande zake zinagusana, pengine mna uchafu na mafuta ndani. Namba iliyopatikana kwa mifereji ni namba ya mifereji.

Na sahani ile ile ikitumika mwaka hadi mwaka, mafundi wanaikariri. Nimesikia fundi akinong'ona "safu ya tatu, la tano kutoka kushoto" kabla hajawasha kifaa.

---

#18 Abiria_wa_Kila_Wiki

Nimesoma yote. Nina pendekezo la mtu wa kawaida. Kama fundi mmoja anakosa 1 katika 10, wekeni wawili. Wa pili naye atakosa 1 katika 10 ya zile zilizompita wa kwanza. Inabaki 1 katika 100. Watatu, 1 katika 1,000. Tatizo limekwisha?

---

#19 MaalimWaChake

Hesabu yako ni sahihi kwa sharti moja: kukosa kwa wa pili kusiwe na uhusiano wowote na kukosa kwa wa kwanza. Kama tundu ni gumu kwa sababu limekaa pabaya, litakuwa gumu kwa wote wawili. Hapo huzidishi 0.1 kwa 0.1. Unaweza kubaki karibu pale pale ulipoanza.

---

#20 NdegeNaChumvi

Na hili si la vitabuni.

Tarehe 19 Julai 1989 ndege ya DC-10 ya United ilianguka ikitua Sioux City, Iowa. Sahani kubwa ya titani inayobeba mapanga ya mbele ya injini ya mkiani ilipasuka angani na vipande vyake vikakata mabomba yote ya mafuta ya haidroliki yanayoendesha usukani. Walikuwemo watu 296, walikufa 112. Ufa ulikuwa umeanza kwenye kasoro ya chuma chenyewe. Sahani ile ilikaguliwa kwa rangi ya kupenya safari 760 kabla ya ajali. Njia hiyo mnaijua: unasafisha, unapaka kimiminika kinachong'aa, unakiacha kiingie ndani ya nyufa, unafuta, unapaka poda ya kukinyonya nje, unatazama kwa taa maalumu. Wachunguzi walikadiria kwamba siku ile ufa ulishafika kama nusu inchi. Haukuonekana.

Miaka saba baadaye, Julai 1996, Pensacola, Florida, MD-88 ya Delta ilipasuka kitovu cha mapanga ya injini wakati inaanza kukimbia kuruka. Abiria wawili walikufa. Njia ya ukaguzi ilikuwa ile ile ya rangi ya kupenya, na ufa ulikuwepo tayari siku ya ukaguzi.

Kwenye mstari wa S nyufa hizo zilikuwa kule juu, kwenye "karibu 1." Zilipita. Kwa hiyo ukitaka jicho la pili lisaidie kweli, libadilishe: mtu mwingine, siku nyingine, na ikiwezekana njia nyingine. Rangi ya kupenya leo, edi karenti kesho. Makosa yao hayafanani, basi kuzidisha kunaanza kuwa na haki.

---

#21 Tumbatu07

Sasa turudi kwenye ratiba. Hiyo 3.8 inafanya kazi gani?

---

#22 NdegeNaChumvi

Hapo ndipo inapokutana na visiwa vyetu.

Injinia anakadiria ufa unakua vipi kutoka ukubwa ambao tunaweza kuuamini kuonekana, hadi ukubwa ambao sehemu haibebi tena mzigo. Tuseme, kwa mfano tu, safari 12,000. Huwezi kukagua kila baada ya 12,000, maana ungekuwa na nafasi moja tu. Unagawa. Ukikagua kila safari 4,000, ufa una nafasi kadhaa za kukamatwa kabla haujafika pabaya.

Sasa badilisha safari kuwa siku. Ndege ya masafa marefu inayoruka mara 2 kwa siku inamaliza safari 4,000 kwa siku 2,000, zaidi ya miaka mitano. Ndege ndogo inayokwenda Dar dakika ishirini, irudi, iende Pemba nusu saa, irudi, ikifika mara 10 kwa siku, inamaliza 4,000 kwa siku 400. Mwaka mmoja na kitu. Anayehesabu kwa saa za angani peke yake ataiona ndege hii haijafanya kazi kubwa. Anayehesabu kwa kutua ataiona imechakaa.

Na chumvi inavuruga hesabu zaidi, kwa sababu kasi ya kukua kwa ufa iliyopimwa kwenye maabara kavu si ile ya ufa unaolowa bahari. Ndiyo maana kuosha ndege kwa maji baridi, kazi inayodharauliwa na kupewa vijana wapya, mimi naihesabu kuwa ni sehemu ya ukaguzi. Inazuia kutu, na inaondoa uchafu unaoziba midomo ya nyufa.

---

#23 KijanaWaMbweni

Kaka, naweza kufanya jaribio kama hili chuoni? Hatuna vipande vya ndege.

---

#24 NdegeNaChumvi

Unaweza, na ningefurahi ukianza mapema kuliko mimi. Tafuta kitu chochote chenye kasoro iliyofichika ambayo wewe unaijua na mkaguzi haijui. Changanya ukubwa, nyingi zaidi ziwe kwenye kile kiwango ambacho mtu anaweza kuona au kukosa. Kubwa mno na ndogo mno hazikufundishi kitu. Tia nzima nyingi. Asiambiwe idadi. Aandike kila jibu kabla ya kwenda la pili, asirudi nyuma. Wapimwe watu kadhaa, na kila mmoja mstari wake uchorwe peke yake kabla hujawachanganya. Na yule aliyefanya vibaya asitajwe jina mbele ya wenzake, kwa sababu ukimwaibisha mtu mara moja, jaribio linalofuata utapimwa woga.

Kuchora mstari tumia programu ya R, ni ya bure. Maalim akikubali atakusaidia.

---

#25 MaalimWaChake

Nimekubali. Niandikie kwenye sanduku la ujumbe.

---

#26 NdegeNaChumvi

Wanabarza, nimerudi. Jana baada ya Alasiri nilikwenda kwa yule mzee na kumsomea uzi huu wote kutoka kwenye simu. Alisikiliza kimya. Kwenye Hawaii alinisimamisha nimrudie habari ya gundi kuachia na maji kuingia, akasema jahazi nalo hufa kwa namna hiyo hiyo, kalafati ikitoka kwenye uungo maji hayana haraka.

Nilipomaliza akanyamaza kidogo, kisha akaniambia: "Mimi nimegonga mbao miaka arubaini. Sijawahi kujua ngapi zimenipita."

Akataka apimwe.

Jumamosi ijayo, inshallah, tunakwenda Nungwi. KijanaWaMbweni anakuja, na Maalim atavuka kwa boti ya asubuhi. Tumepata vipande vya mbao 80 vya unene mmoja. Baadhi tumevichimba kwa ndani kutoka ubavuni, mashimo ya vina tofauti, tukaziba mdomo kwa mbao na gundi na kuvipiga randa mpaka havitambulikani kwa macho. Vingapi, tunajua tuliovichimba tu, na karatasi iko kwa BiMaabara ndani ya bahasha. Mzee atagonga kwa nyundo yake mwenyewe, atasema "mzima" au "mbovu," kijana ataandika. Baada ya kila vipande ishirini atapumzika na kunywa kahawa, na tutaona kama vya mwisho vinampita zaidi ya vya mwanzo, kama ilivyonitokea mimi.

Nitaleta mstari wake hapa.